Kariakoo Kabla ya Fremu

Mtu ananunua vitenge Narung'ombe, anakunywa chai Mahiwa, anapakia mzigo wake kwenye kirikuu pale Tandamti, kisha anarudi zake Mbagala bila kujua kwamba kutwa nzima amekuwa akizunguka katika viwanja vya vita. Narung'ombe ni mahali kusini mwa nchi yetu ambapo majeshi ya Mwingereza na Mjerumani yalipambana Julai 1917. Tandamti ikafuata Agosti, upande wa Lindi. Mahiwa, Oktoba mwaka huohuo, yalikuwa mapigano yaliyomwaga damu nyingi kuliko karibu yote ya vita vile katika Afrika Mashariki, na waliouana pale wengi walikuwa askari kutoka Nigeria, Kenya, India na Tanganyika yenyewe, wakimalizana kwa ajili ya wafalme wawili wa Ulaya ambao hawakuwahi kuiona Lindi.

Askari hao walihitaji wa kuwabebea risasi, unga na majeruhi. Reli zilikuwa mbili tu, farasi na ng'ombe waliuawa na ndorobo, kwa hiyo mzigo ukawekwa juu ya vichwa vya watu. Wapagazi walikusanywa vijijini, wengi kwa nguvu, na walikufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa kuhara damu, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam Septemba 1916, kikosi hicho cha wapagazi, Carrier Corps, kilipewa kambi nyuma ya mji, na vinywa vya watu vikalipa eneo hilo jina tunalolijua. Nairobi nako kuna Kariokor kwa sababu ileile. Hatuna mnara mkubwa wa wapagazi wale. Tuna soko.

Kambi ile haikuwekwa porini. Kabla ya hapo palikuwa mashamba ya minazi. Sultani Majid bin Said alipoamua, miaka ya 1860, kujenga mji wake wa bara karibu na kijiji cha Mzizima, minazi ilipandwa nyuma ya bandari, na baada ya kifo chake mwaka 1870 mji ukazubaa. Wajerumani walihamishia makao yao makuu hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891 na kuanza mara moja kuandika kanuni za ujenzi. Kanuni hizo hazikumtaja mtu kwa rangi yake. Zilitaja vifaa: karibu na bahari ruksa ni nyumba ya mawe na chokaa kwa mtindo wa Kizungu, nyuma yake majengo imara ya biashara, na mbali kabisa ndiko kwa miti, udongo na makuti. Kila mtu akapangwa na mfuko wake, na mfuko ulikuwa tayari umepangwa na rangi. Waingereza waliukuta mpango huo ukiwafaa, wakauendeleza kwa kanda tatu. Watu wa mji waliziita kwa majina ya wazi zaidi: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini.

Mitaa ya Kariakoo iliyonyooka kama iliyopigwa rula ilichorwa na Mjerumani mkesha wa vita. Serikali yake ilinunua ardhi ya shamba, ikaigawa viwanja vidogovidogo, ikaanza hata kujenga soko. Agosti 1914 vita vikalipuka kabla soko halijaanza kazi, na majengo yake yakaishia kuhifadhi wapagazi. Baada ya vita Waingereza waliwapanga watu humo, na kati ya Uhindini na Kariakoo wakaacha uwanja mpana usio na nyumba. Sababu waliyoitoa ni afya: mbu wa Uswahilini wasifike kwa wenye mji. Uwanja huo ndio Mnazi Mmoja. Tutaurudia, maana hakuna kipande cha ardhi katika nchi hii kilichowageukia waliokipanga kama kile.

Sasa tuingie ndani ya nyumba, kwa sababu mambo yote ya Kariakoo yalianzia humo.

Aliyepewa kiwanja hakupewa ardhi ya kudumu. Alikipanga serikalini na kulipia kodi kila mwaka, huku nyumba iliyo juu yake ikiwa mali yake. Benki haikumkopesha mtu wa aina hiyo, na kwa hakika kanuni hazikumtarajia ajenge kitu cha kudumu. Akajenga alichokijua. Boriti za mikoko zilisimamishwa, fito zikafungwa kwa kamba, mawe na udongo vikashindiliwa katikati, na mwenye uwezo akapiga lipu ya chokaa. Paa lilianza kwa makuti. Baadaye yakaja madebe yaliyokunjuliwa, kisha mabati.

Ramani yake karibu kila mtu wa mjini aliijua kwa moyo. Mbele kuna baraza, benchi la udongo au saruji linaloelekea mtaani. Mlango mmoja. Ukiingia unakuta ukumbi mrefu unaoipasua nyumba katikati, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia. Mwisho wa ukumbi kuna mlango wa pili, nao unatokea uani, penye jiko, choo, bafu, kamba za kuanikia nguo, na mara nyingi banda la nyongeza lililojengwa mwaka ambao mwenye nyumba alipata fedha kidogo. Vyumba sita, ukumbi mmoja, ua mmoja.

Wasanifu majengo wameiita nyumba ya Kiswahili na kuisifu kwa upepo wake na faragha yake. Ni kweli, lakini naona wameacha jambo kubwa zaidi, nalo ni hesabu. Nyumba ile ni mtambo wa kodi unaoweza kumilikiwa na mtu wa kipato kidogo. Mwenye nyumba anakaa chumba kimoja au viwili, vinavyobaki anapangisha kwa mwezi, na kila chumba kinasimama peke yake: kina mlango wake na kufuli yake. Mjane asiye na kazi aliweza kuishi mjini kwa kodi ya vyumba vinne. Wanawake wenye nyumba walikuwa wengi Kariakoo, na mtu aliyewahi kupanga kwa mama mwenye nyumba anajua nani alikuwa serikali ya mtaa.

Hesabu hiyo ndiyo iliyochanganya watu. Anayepangisha chumba anataka mpangaji anayelipa tarehe moja, hajali sana anatoka wapi. Kwa hiyo Mmanyema alipanga kwa Mzaramo, akapakana na Mnyamwezi, mbele yake Myao, na wote wakasubiriana foleni ya bafu alfajiri. J.A.K. Leslie, ofisa wa kikoloni aliyefanya uchunguzi wa mji huu katikati ya miaka ya 1950, aliona kwamba makabila ya Dar es Salaam hayakujitenga mitaa kwa mitaa kama mtu angetegemea. Uani hakukuwa na nafasi ya kujitenga. Kiswahili kilichozungumzwa pale kilikuwa lugha ya kugombania mkaa, kupatanisha watoto, kuulizia hali ya mgonjwa, na hakuna sera ya taifa iliyokuja baadaye iliyofanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Baraza nayo ilikuwa na kazi yake. Mbele wanaume walicheza bao, wakasomewa gazeti na yule anayejua kusoma, wakanunua kahawa kwa kikombe kutoka kwa muuza kahawa anayepita akigonganisha vikombe vyake. Nyuma, uani, palikuwa pa wanawake. Wakoloni walizipeleleza baraza. Ua hawakuupeleleza, na hilo liliwagharimu.

Nakusudia mwaka 1955. TANU ilikuwa na mwaka mmoja, na ofisa wa chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, alipoitembelea Dar es Salaam aliuliza sehemu ya wanawake ya chama iko wapi. Haikuwepo. Akatafutwa Bibi Titi Mohamed, mwanamke wa mjini, mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kiitwacho Bomba. Hakuanza kwa hotuba. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, na kila kiongozi akaita watu wake. Ndani ya miezi michache maelfu ya wanawake walikuwa na kadi. Vikundi vile vilikuwa tayari na daftari za michango, sare, mpishi, mweka hazina na uwezo wa kukusanya watu bila tangazo. TANU ilikuta kila kitu kimeshajengwa.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa karibu kila kitu. Mji huu uliopewa choo cha shimo na kodi ya kiwanja ulijijengea taasisi zake wenyewe. Wazaramo walikuwa na Wazaramo Union tangu 1938. Wengine nao walikuwa na vyama vyao vya kuzikana, kuuguzana na kusafirisha maiti au habari ya msiba hadi kwao. Wamanyema walijenga msikiti unaoitwa kwa jina lao hadi leo. Msikiti wa Mtoro ukawa mahali ambapo darsa na mjadala wa siasa vilipokezana. Al Jamiatul Islamiyya ilianzishwa mwaka 1933 ikajenga shule, kwa sababu watoto wa mtaa walihitaji shule iliyofundisha hesabu bila kuwabadilisha dini.

Katika taasisi nyingi kati ya hizo utakutana na jina la Kleist Sykes. Alizaliwa Pangani mwaka 1894, mtoto wa askari wa Kizulu aliyeletwa kutoka Msumbiji na Wajerumani kupigana na watu wa pwani. Mwenyewe alipigana upande wa Mjerumani katika vita ileile ya Mahiwa na Narung'ombe, kisha akafanya kazi kwa Mwingereza. Sijui historia ya mji ingemchagua nani mwingine awe mfano wa Kariakoo. Mwaka 1929 yeye na wenzake waliunda African Association, Cecil Matola akiwa rais wa kwanza na Kleist katibu. Walijenga ofisi yao katika Mtaa wa New Street kwa michango na kazi za kujitolea. Ni jengo lililotoka kwenye mifuko ya makarani, mabaharia, wapishi na wafanyabiashara wadogo.

Katika jengo hilo, tarehe 7 Julai 1954, watu 17 waliigeuza African Association ile, wakati huo ikiitwa Tanganyika African Association, kuwa TANU. New Street sasa ni Mtaa wa Lumumba, na jengo la awali nafasi yake imechukuliwa na ofisi ya chama. Abdulwahid, mtoto mkubwa wa Kleist, alikuwa wakati huo msimamizi wa Soko la Kariakoo, na ofisi ya soko ikawa kituo cha siasa. Ni nani angeshangaa kuona watu wa kila aina wakiingia na kutoka ofisini kwa bwana soko? Nyerere alipoacha ualimu Pugu mwaka 1955, nyumba za Kariakoo ndizo zilizompokea kabla hajapata yake Magomeni.

Mpira nao ulipita njia hiyohiyo. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na naanza na Yanga kwa ajili ya tarehe tu, msomaji wa Msimbazi asinune. Simba ilipita majina ya Queens, Eagles na Sunderland kabla ya kulipata la sasa mwaka 1971. Zote mbili ni watoto wa eneo moja: moja ina jengo lake Mtaa wa Msimbazi, nyingine Jangwani, na umbali kati yao mzee anatembea bila kupumzika. Taifa zima leo linagombana kwa ugomvi uliozaliwa kati ya mitaa michache. Dansi na taarabu vilifuata. Al-Watan na Egyptian Musical Club vilikuwa vilabu hasa, vyenye wanachama, viongozi na chumba cha kukutania, na ukumbi wa DDC Kariakoo uliendelea na mila hiyo ya watu kucheza karibu na makazi yao.

Turudi Mnazi Mmoja. Uwanja uliowekwa ili watu wasikutane ukawa uwanja wa kukutana. Pembeni yake, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kulijengwa ukumbi wa Arnautoglu kwa fedha za mkulima wa mkonge wa Kigiriki mwenye jina hilo, na humo wakazi walisoma, walicheza na kufanya mikutano. Uhuru ulipokuja, mnara wa Mwenge ukasimamishwa uwanjani hapo. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa siku kadhaa wakilalamikia kodi, na Waziri Mkuu aliposhuka kuzungumza nao, waliitwa wapi? Mnazi Mmoja. Palikuwa hapatoshi.

Jengo moja Kariakoo linastahili kutazamwa kama jengo, nalo ni soko lenyewe. Lile la zamani lilivunjwa, na kazi ya jipya akapewa Beda Amuli, Mtanzania, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki kufungua ofisi yake mwenyewe. Soko lilifunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 1975. Amuli hakujenga ghala lenye madirisha. Alisimamisha nguzo za zege, na juu ya kila nguzo akapanua paa la zege lenye umbo la mwavuli uliogeuzwa, mianya ikaachwa kati ya paa na paa ili hewa na mwanga viingie. Anayekaa chini yake yuko kivulini lakini hayuko ndani, kama vile soko la mtini. Chini ya ardhi ni shimoni, kama wafanyabiashara wanavyoita, palipopokelewa mazao ya jumla. Kwa maoni yangu ni jengo bora kuliko yote yaliyojengwa jijini baada ya Uhuru, na ni aibu kwamba wengi tulianza kulitazama vizuri usiku wa tarehe 10 Julai 2021, lilipowaka moto. Serikali ilitenga takribani shilingi bilioni 28 kulikarabati na kujenga jingine pembeni. Nguzo za Amuli zilinusurika.

Nyumba za vyumba sita hazikunusurika. Hazikuchomwa na mtu. Ziliuzwa, na zilizouzwa ziliuzwa kwa hiari. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, baraza ikawa meza ya nguo, chumba cha mbele kikawa duka, kisha dalali akaja na mtu mwenye fedha. Mapatano yalikuwa mengi ya namna moja: familia inatoa kiwanja, mwekezaji anajenga ghorofa, wanagawana sakafu au miaka. Chini zikawekwa fremu, juu stoo, juu zaidi vyumba vya kulala wageni kwa wanunuzi kutoka Kongo, Zambia, Malawi na Komoro. Fremu ya chini barabarani hulipiwa kilemba ambacho kingejenga nyumba nzima Chanika, na ndiko walikokwenda warithi: Chanika, Mbagala, Kimara. Siwalaumu. Aliyewahi kugawana urithi wa chumba kimoja kati ya watoto saba anajua kwamba kumbukumbu hailipi ada ya shule.

Lakini kiwanja kilikuwa kilekile cha Mjerumani. Kilipimwa kwa nyumba ya chini yenye watu kumi na tano, kikabebeshwa ghorofa saba, nane, kumi, ukuta kwa ukuta na jirani. Mfereji wa maji machafu ni wa mtaa uleule, na gari la zimamoto linapita pale machinga, mkokoteni na winga wanapoamua lipite. Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo asubuhi, watu wakiwa madukani. Waliokufa walikuwa zaidi ya 25.

Sheria ya mambo ya kale ya Tanzania Bara, ya mwaka 1964, inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Kwa kipimo hicho, mtaa uliochorwa mkesha wa vita ya 1914 hauna kitu cha kulindwa. Waziri ana uwezo wa kutangaza mahali pengine kuwa pa kihistoria, na jijini uwezo huo umetumika, ila macho yameelekea zaidi majengo ya Kijerumani ya pembeni ya bandari: maboma, makanisa, ofisi. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000 kwa sababu mawe yake yapo. Nyumba ya udongo haina mtetezi wa namna hiyo, hata kama taifa lilitungwa barazani pake. Kituo cha urithi wa usanifu, DARCH, kilichomo katika Boma la Kale pale karibu na bandari, kimefanya kazi nzuri ya kuonyesha ramani na picha na kutembeza watu mitaani. Kinachohitajika sasa ni nyumba yenyewe: moja, iliyokamilika, yenye baraza, ukumbi, vyumba sita na ua, inunuliwe kwa bei ya soko na kutangazwa kabla dalali hajafika. Bei itakuwa kubwa. Kila mwaka unaopita itakuwa kubwa zaidi.

Nawe msomaji, kama bibi yako alikuwa na nyumba Mtaa wa Sikukuu, Likoma, Mafia au popote kule, tafuta stakabadhi za kodi ya kiwanja, picha za harusi zilizopigwa uani na daftari la chama cha kuzikana. Chora vyumba, andika nani alilala kipi na alitoka wapi. Peleka nakala Makumbusho ya Taifa, na nyingine baki nayo.